Barua Isiyolalamika

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nilisoma barua bila kukwama hata neno moja, na bado sikuielewa. Nimeikumbuka leo baada ya kupitia daftari lako la fasihi. Umeandika kwamba toni ya shairi ni ya furaha kwa sababu mshairi ametaja furaha mara tatu. Mimi mtu akiniambia mara tatu kwamba ana furaha, nasogeza kiti nimtazame usoni vizuri.

Nilikuwa kidato cha tatu, tukikaa hapa hapa Kaloleni. Jirani yetu Mama Adongo aliuza samaki wa kukaanga na hakujua kusoma. Pacha wake, Apiyo, alikuwa ameolewa Bondo, naye alikuwa akimtuma bintiye amwandikie Mama Adongo barua. Mimi ndiye niliyezisoma, tena kwa majivuno, maana darasani hakuna aliyenishinda fasihi.

Barua za Apiyo zilikuwa malalamiko mwanzo hadi mwisho. Mgongo unauma, kuku wameibwa, mume amenuna, na mbona Adongo haleti sukari? Tulizicheka mpaka machozi yakatutoka.

Jumamosi hiyo ikaja nyingine. "Sisi tuko salama sana. Asante kwa yote uliyonitendea. Usijisumbue kuja, najua una kazi nyingi. Mungu ni mwema." Nikaisoma kwa uchangamfu, kama mtangazaji wa redio.

Mama Adongo akaacha kuparua magamba.

"Hajaomba sukari?"

"Hajaomba, Mama."

"Na mzee wake, hajamsema?"

"Hata kidogo."

"Soma tena hiyo barua, nyathina." Ndivyo alivyoniita, mtoto wangu kwa Kijaluo, hasa akiwa na wasiwasi.

Nikasoma tena. Akakunja uso. "Apiyo hajawahi kushukuru mtu tangu tuzaliwe. Kuna kitu ananificha. Kesho mimi naenda Bondo."

Laiti ningenyamaza! Nilicheka, nikamwambia, "Mama, si imeandikwa hapa wako salama? Unatafuta shida bure." Akanitazama mimi, akaitazama ile karatasi, akarudi kwa samaki wake. Aliamini shule yangu kuliko masikio yake mwenyewe, na hakwenda.

Wiki ya pili mtu alikuja kumwita mbio. Mama Adongo alipofika Bondo alimkuta Apiyo yu hai, lakini hawezi tena kusema. Kumbe alikuwa ameugua muda mrefu, akajua haponi, akaamua asimsumbue pacha wake. Walishikana mikono siku mbili, kisha Apiyo akafa.

Baada ya mazishi Mama Adongo aliniletea barua ile ile. Hakufoka. Afadhali angefoka.

"Soma," akasema, "na leo usiharakishe."

Nilipofika kwenye "asante kwa yote," niliurudia mstari ule polepole. Nilimsikia mtu anayeaga. Alikuwa anaaga tangu ile Jumamosi, nami nilimpita mbio kwa sauti yangu nzuri.

"Sasa umesoma," akaniambia. Akaikunja barua, akaenda zake.

Nimefundisha fasihi miaka mingi tangu wakati huo, nimestaafu, na aibu hiyo bado ninayo. Ndiyo maana wanafunzi walisema mwalimu huyu anamshuku kila mtu, hata mshairi aliyesifu maua. Walisema kweli.

Kwa hiyo, mwanangu, usimwamini mwandishi upesi. Akisifu, jiulize mbona anasifu leo. Akicheka, tazama ni nani anayemsikiliza. Angalia pia jambo alilozoea kulitaja na sasa amelinyamazia, kwa maana ugonjwa wa Apiyo ulijionyesha pale tu alipoacha kuomba sukari, na mimi sikuona. Maneno yatakupa habari, lakini hali ya moyo wa msemaji utaipata ukienda polepole na kumkumbuka alivyokuwa jana. Na usidhani haya ni ya mtihani peke yake. Mama yako akikuandikia kwenye simu "tuko sawa tu," usimrudishie kipicha cha kucheka. Mpigie, umsikie.

Mungu akufungue masikio mapema kuliko alivyonifungua mimi. Akujalie macho ya kusoma na subira ya kusoma tena. Na siku mtu unayempenda atakapokuaga kwa maneno matamu, akujalie umsikie ungali na nafasi ya kwenda.