Siku Nilipomlilia Mama wa Kwenye Filme

Musinicheke sana. Mke wangu alienda Goma kumsaidia binti yetu Neema aliyejifungua, nami nikabaki kijijini kwetu Burungu na ng'ombe. Ng'ombe hawaulizi kama umekula.

Siku ile mvua ilinifungia ndani na roho ikawa nzito, basi nikafungua kwenye telefone ile filme ya zamani tuliyoipenda sisi wawili. Mwishoni mama anakufa. Najua anakufa, nimemuona akifa tangu ujana wangu. Lakini zamani bega la mke wangu lilikuwa karibu. Safari hii nililia kwa sauti, mimi mwanaume mwenye mvi, mpaka mbwa akatoka nje.

Kwetu mwanaume akilia hivyo, kuna aliyekufa. Jirani yangu Mama Furaha alisikia, na kwa kuwa mke wangu hakuwepo, akajua ni yeye aliyekufa. Mara watu wakaanza kuingia na kuni na mikeka.

"Pole, Papa Neema. Mungu njo anajua," Mama Furaha akasema, akanishika mkono.

Nilipaswa kusema ukweli palepale. Lakini nyumba ilikuwa imejaa watu, na mkono wake ulikuwa na joto.

Pasta alikuwa anamuombea marehemu telefone ilipolia. Mama Furaha akaipokea, akaongeza sauti ili wote wasikie.

"Papa Neema," mke wangu akasema, "watu wanapigia Neema simu ya pole, eti mimi nilikufa. Iko nini?"

Wote wakanitazama.

"Nililia filme yetu," nikajibu. "Ile ya zamani."



"Uliiangalia bila mimi?"