Nilivyotua na Baba Mkwe

Chekeni tu, mimi nimeshajicheka. Juzi nilimpakia baba mkwe kwenye kindege cha kazini, aone kwamba binti yake ameolewa na rubani wa kweli.

Tulipokaribia kutua Bujumbura, upepo wa ziwani ulitupiga ubavuni.

"Mi niko naogopa," alisema.

"Apana, Baba, usiogope. Hii upepo mi naijua."

Gurudumu moja liligusa lami, upepo ukatusukuma kando, tukatumbukia majanini na bawa likapinda. Hatukuumia. Lakini mimi nilifumba macho, nikapiga yowe mpaka zimamoto wakafungua mlango.

"Pilote ni nani?" waliuliza.

Mikono ya baba mkwe nilikuwa nimeibana, kwa hiyo alinionyesha kwa kidevu.

"Ni huyu mwenye ananikumbatia."