Sweta la Ezra

Winfrida, mwalimu wa kufuma wa wanawake wa usharika pale Old Moshi, aliwarudia jambo moja hadi wakachoka kulisikia: kazi ya kwanza haifumwi kwa uzi mweusi. "Chukueni mweupe, ulionyooka, usio na manyoya. Mkikosea tundu mtaliona." Wanafunzi wenzake wote walitii. Elinipendo peke yake alitia pamba masikioni.

Si kwamba nyuzi zilikosekana. Miaka hiyo ya tisini, vitu vilivyokuwa vikitafutwa kwa tochi vilijaa soko la Moshi, na nyuzi za kila rangi zililetwa kutoka Kenya kupitia mpaka wa Tarakea. Elinipendo alizipapasa moja moja, akazirudisha. Zilimteleza vidoleni, hazikuwa na joto. Kusema kweli, uzi wake alikwisha kuuchagua kabla hajatoka nyumbani. Sokoni alikwenda kujaribu kuugeuza moyo wake, na moyo haukugeuka.

Uzi wenyewe ulikuwa bado sweta. Lilikuwa sweta la sufu, la bluu iliyokoza karibu na weusi, ambalo mumewe Ezra, aliyekuwa akiongoza watalii mlimani, alipewa na mgeni mmoja. Hakulivua hadi maradhi yalipomlaza. Sasa Ezra alikuwa amelala kaburini mgombani, na baada ya Krismasi, ndugu wa Dar wakishapanda nyumbani, nguo zake zingegawiwa. Kila mtu alijua sweta lingekwenda kwa Elimringi, mdogo wake Ezra. Elimringi alikuwa ameliulizia hata kabla matanga hayajaanuliwa, na jambo hilo lilimchoma Elinipendo.

Kwa hiyo akalifumua, afume blanketi dogo. Sweta likishakuwa uzi, alijiambia, si nguo tena, na kisicho nguo hakigawiwi.

Winfrida alipoona uzi umejikunjakunja, alimsihi aufue, autundike na jiwe unyooke. "Siufui," alisema Elinipendo. "Basi utalia, mama," alijibu Winfrida.

Na alilia kweli. Matundu hayakuonekana. Sindano yake ya ncha ya ndoano ilikosa, akafumua, akaanza upya. Kila gari lilipopanda na watu wa Dar alizidisha mwendo wa sindano, maana blanketi lilipaswa kuwa blanketi kabla ya siku ya mgawo. Siku hiyo ilimkuta na kipande kisichozidi mto wa kochi, tena kimekwenda upande.

Mzee Filemon, mkubwa wa ukoo, aligawa makoti, suruali na buti za mlimani. Kisha Elimringi akauliza, "Na lile sweta, shemeji?"

Elinipendo aliingia chumbani, akatoka na kikapu. Elimringi aliinua kile kipande, asiamini macho yake.

"Umelifumua? Nguo ya kaka yangu?"

Hasira zikampanda. Alishika ncha ya uzi akavuta, na kazi ya namna hiyo ukiivuta ncha haibishani nawe. Mstari mmoja ukaenda, wa pili ukafuata. Siku zote zile za machozi zilikuwa zinamwagika sakafuni, na hakuna mtu aliyenyanyua mkono.

"Usivute, shemeji. Nimeshampa Ezra."

"Ezra amekufa, Mama Fredy."

"Anayekuja."

Wote walimgeukia Gladness, mke wa mwanawe Fredy, aliyekaa karibu na mlango na ujauzito wake mkubwa. Mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu mzaa baba. Mle ndani hakuna aliyehitaji kuelezwa.

"Na akiwa wa kike?" Elimringi alibisha, lakini sauti ilikuwa imepungua.

"Wa kike naye husikia baridi."

Elimringi aliutazama uzi uliomzonga mkononi. Akaupeleka puani polepole. Moshi wa kuni ulikuwamo bado, na tumbaku, na jasho la Ezra.

"Hujaufua," alisema.

"Sijaufua."

"Sikutaka kulivaa, shemeji. Hata halinitoshi." Machozi yalimtoka mbele ya wazee, na hakuyaficha. "Nikatie kidogo."

Elinipendo, ambaye siku zote hizo aliokota hata vinyuzi vilivyoanguka chini, alipima uzi urefu wa mkono wake, akaukata kwa meno. Elimringi aliukunja ndani ya leso, akaitia mfukoni mwa shati, akaaga. Koti alilogawiwa alilisahau kwenye kiti.