Makro Fupi ya Dada

Tak-tak, tak-tak. Bado nasikia kibodi yangu pale ofisini, mtaa wa Al Sadd, nikinakili mistari ileile ya programu ya hoteli kwa kila anachochagua mgeni: chumba, kitanda, siku. Nilikuwa kwenye majaribio ya kazi, bosi anataka kuiona programu kesho yake, na kitanda alichochagua mgeni kilijiandika kwenye nafasi ya chumba kwa sababu nilinakili nikasahau kubadilisha jina.

“Wee mdogo wangu, unafua kwa mkono na mashine iko hapo?” akacheka dada wa meza ya pili. Akaandika makro moja fupi, amri inayoandika programu kwa niaba yako: mimi nitaje majina tu, yenyewe iandike mistari ya kila jina, na bado niweze kuyaunganisha machaguo ya mgeni kwa nukta, moja baada ya jingine, kama mwanzo. Jamani, nilitamani kumkumbatia!

Alipoenda kuswali, nilifuta mistari yangu yote, nikaongeza neno moja kwenye orodha ya majina ya makro yake: chakula. Programu ikakubali, kila kitu mahali pake.