Emérita hafungi puli isiyolia

Saa kumi na mbili asubuhi, Mweso. Emérita Mukandori anachuchumaa mlangoni mwa kibanda cha mashine ya kusaga, anaining'iniza kwenye kamba puli mpya, gurudumu la chuma linalozungushwa na mkanda, na kuigonga kwa spana. Inatoa sauti fupi, butu, basi. Anaigonga upande wa pili. Butu vilevile.

"Hii iko kiziwi," anamwambia mwenye mashine, Papa Faustin Byukusenge. "Mi siifungi."

Nje, foleni ya akina mama wenye magunia ya mihogo mikavu imefika barabarani. Wengi wamekimbia vita, na kuna watoto ambao hawajala tangu jana mchana. Mashine imenyamaza siku sita, tangu puli ya zamani ilipolika. Papa Faustin anamsihi: puli hii imetoka Goma, inang'aa, amelipa dola arobaini na tano. Afunge tu, watu wale.

Kung'aa huko ndiko kunakomtia hofu fundi huyu mwenye umri wa miaka 47. Miaka mitatu iliyopita, yeye na mumewe, Callixte, walikuwa na mashine yao ya kusaga, moulin kama wanavyoiita huku, kijijini Mpofi, Walikale. Puli yao ilipochoka walinunua mpya, na haikuwajia akilini kuigonga.

"Tuliipenda sababu ilikuwa inangaa," anasema. "Siku ya kumi na tisa ikapasuka, moulin iko inazunguka. Kipande kikamupiga bwana yangu hapa." Anagusa kifua.

Callixte alikufa kabla ya kufikishwa kituo cha afya. Emérita alipookota vipande, aliona chuma kimejaa matundu ndani, kama mkate; chuma cha namna hiyo kikigongwa hakilii. Aliyekimimina alijua, na aliyekipaka rangi alijua zaidi. Inakera kwamba hakuna hata mmoja aliyewahi kuulizwa.

Mjane huyo alitafuta puli kuukuu iliyolia vizuri, akaendelea kusaga peke yake. Mwaka uliofuata vita vikamfukuza hadi Mweso, na mashine ikabaki mikononi mwa shemeji yake, Kabera.

Mweso alikuta mashine ya Papa Faustin ni pacha wa yake, hadi boliti. Basi kila kifaa cha mashine hiyo kilipoharibika, alimwomba Kabera afungue cha Mpofi na kukituma kwa pikipiki njia inapopitika. Zikaja beringi, ikaja pistoni, ikaja pampu ya dizeli. Kila kimoja alikitia nukta ya rangi nyekundu, ili siku ya kurudi kwao asibishane na mtu. Papa Faustin alikubali hilo mbele ya mchungaji.

Puli yake kuukuu ndiyo aliyoapa kutoitoa. Kabera aliituma juzi bila kuombwa, kwa kuwa wezi wa vyuma wameanza kupita nyumba hadi nyumba. Kule Mpofi imebaki fremu tupu ya mashine. Emérita aliificha puli chini ya kitanda na hakumwambia mtu. Anakiri hilo kwa aibu, macho yakiwa kwenye foleni, ambako mama mmoja ameketi juu ya gunia lake akinyonyesha.

Ananyanyuka, anakwenda nyumbani, anarudi na kitu kilichofungwa kwenye kitenge. Anakigonga. Kinalia, na sauti inakaa hewani. Hata mwandishi wa makala haya, asiyejua chuma wala bati, anaisikia tofauti. Emérita anaitia puli nukta nyekundu. Boliti zinaingia bila kulazimishwa.

Saa mbili mashine inaunguruma na unga unaanza kushuka. Ukiizunguka, ni kazi kupata sehemu isiyo na nukta nyekundu.

Je, bado ana mpango wa kurudi Mpofi, baada ya kutoa kila kitu?

"Sikupatia muntu kitu," anajibu. "Hii njo moulin ya Callixte, iko inasaga." Anapangusa unga usoni, anaitazama tena foleni. "Siku hawa bamama watarudia kwabo, na mimi nitafungua puli yangu, nirudie Mpofi. Kabla ya hapo, hapana."