Kompyuta Niliyoinunua Nimtamkishe Mama Shahada

Mama alipoacha kula, mdogo wangu alipanda kilimani, kwenye mikorosho, kunipigia simu. Salamu ya mama ilikuwa moja tu: saa yake ikifika, mimi ndiye nimtamkishe shahada. Si imamu, si mdogo wangu anayemuuguza. Mimi, mtoto wake wa kwanza. Yeye yuko Kitaya, kando ya Ruvuma, mimi niko Mtwara mjini, na msimu wa korosho ndio umepamba moto.

Kazi yangu ni kuangalia seva za chama cha wakulima. Zikigoma, mizani za maghalani nazo zinasimama, na watu wanakalia magunia yao wakinilaani. Bosi aliniambia, "Nenda kamuuguze mama. Ila seva uziangalie hukohuko." Laptop yangu ilikuwa imeshaliwa na chumvi ya bahari ya Mikindani. Ikabidi nitafute kompyuta ndogo, ya bei nafuu.

Muuzaji akanitolea mashine yenye kioo kikubwa kama dirisha. "Dada, chukua hii, inacheza hata gemu." Gemu, na mama yangu yuko kitandani! Nikamjibu kwa ukali kwamba kazi yenyewe inafanyika kwenye seva, hii kwangu ni ya kuandikia amri tu. Nilitaka betri inayodumu, maana nyumbani tunachaji kwa sola. Nilitaka vitufe imara, kwa sababu ukikosea herufi moja unaweza kufuta msimu mzima. Nilitaka na tundu la laini ya simu ndani yake, nikae kitandani kwa mama, mkono mmoja kwake, mwingine kazini. Nikapata moja iliyotumika, nyepesi, inaingia kwenye mkoba pamoja na kanga zangu. Nikatoka pale najiona mjanja.

Ujanja gani. Mimi mzaliwa wa Kitaya, niliyezoea simu kunikaribisha Msumbiji nikiwa jikoni kwetu, nilichagua kila kitu nikasahau mto na mpaka wake. Kitandani kwa mama mnara unaofika ni wa ng'ambo tu. Na seva zetu hazifunguki kutoka nje ya nchi. Kufuli hilo nililiweka mwenyewe kwa kuogopa wezi, na bosi hataki kusikia likilegezwa. Kwa hiyo kila seva zilipogoma, nilibeba kompyuta yangu nikapanda mikoroshoni, kulekule alikonipigia mdogo wangu, nikaitafuta Tanzania.

"Umekuja kukaa nami au kupanda kilima?" mama aliniuliza. Nilicheka. Moyoni nilitamani kuitupa kompyuta mtoni.

Asubuhi moja mizani zote zilisimama. Mama alikuwa ametulia, anapumua vizuri. Nikamwambia kutoka mlangoni, "Ningoje kidogo, mama, nakuja sasa hivi." Nikapanda. Mtandao ukaja, ukakata, ukaja tena. Nilipoona seva zimeamka nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi kabisa. Niliposhuka nikasikia vilio kabla sijaiona nyumba. Mdogo wangu ndiye aliyemtamkisha. Alisema mama alikuwa akitazama mlangoni.

Msibani akaja mtani wetu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kinu, kufanya kazi ya watani. Akajifunga kanga kiunoni kama ninavyojifunga mimi, akachukua sinia, akaliweka mkononi, akawa anatembea uani huku analigongagonga kwa vidole na kuliinua juu. Kisha akageukia mlango wa chumba cha marehemu, akapaza sauti, "Mama, ningoje kidogo usife, mtandao unakata!"

Watu walicheka. Mdogo wangu naye alicheka, machozi yanamtiririka. Mtani hachukiwi, na mimi sikumchukia. Alikuwa akibahatisha tu. Hakujua kwamba nilimwomba mama aningoje kweli, na kwamba mama aliniitikia, "Haya."