Simu ya Nchi ya Gambuti

Simu yangu ya kwanza niliinunua Jinja, miaka ya tisini ikielekea kwisha. Ilikuwa nzito kiasi kwamba nikiitia mfukoni mwa shati natembea nimeinama upande kama nguzo ya stima iliyogongwa na lori, na antena yake ungeweza kuanikia shuka. Aliyeniuzia aliapa kwamba ni ya Japani, nami sikubisha, kwa sababu kwetu chochote kilichokataa kuharibika kilikuwa cha Japani: pikipiki, redio, hata bawaba za mlango. Mafubira nzima, mtaa wetu, ilijua kwamba ninatembea na Mjapani mfukoni.

Kisha nikaanza shule ya usiku, mtaa wa Mpumudde. Jioni moja mwalimu wa jiografia alikuwa anatufundisha misitu ya kaskazini mwa Ulaya, simu yangu ikalia. Nilijua nimefukuzwa. Kumbe aliichukua, akaizungusha mbele ya darasa.

"Hii nayo imetoka huko huko misituni," akasema. "Finlandi. Kampuni yake ilianza na karatasi, ikaja gambuti, zile buti za mpira za kuvaa matopeni, ndipo ikafika kwenye simu."

Nilisikitika kama mtu aliyeambiwa ukubwani kwamba yeye si Msoga kama sisi wengine. Lakini kufika nyumbani huzuni ilikuwa imegeuka maringo. Jinja yote, nadhani hata Uganda yote, mimi peke yangu ndiye niliyeijua siri hiyo!

Wakati huo nilikuwa na mchumba, mwalimu wa watoto wadogo pale Jinja, Mgisu wa Mbale. Siku ya kwenda kujitambulisha kwa wazazi wake, Namatala, huko huko Mbale, nilisindikizwa na baba yangu mdogo. Mlangoni akanishika mkono.

"Mwanangu, leo usitie chumvi. Hata ukiulizwa jina, litaje lilivyo, usilirefushe."

Alikuwa na sababu. Baba wa binti alikuwa askari magereza mstaafu, na sifa zangu zilikwisha kumfikia.

Alitukaribisha sebuleni, yeye na dada yake, shangazi wa mchumba wangu. Redio yake ya Kijapani ilikuwa mezani, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Mama mkwe alikaa nyuma ya pazia, maana kwao kama kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani. Tulizungumza Kiswahili; Kigisu chao hatukukijua, na Kisoga chetu walikicheka.

"Wewe ndio ile kijana ya Jinja," mzee akaanza. "Nasikia wewe navuka Naili juu ya mgongo ya kiboko."

"Afande, mimi nilisema mamba. Kiboko wameongeza watu."

Baba mdogo akakohoa.

"Mimi nachunga wafungwa mpaka nazeeka," mzee akasema. "Uongo nasikia harufu yake. Binti yangu hapana kwenda kwa mtu muongo. Umeelewa?"

"Ndiyo, afande."

Macho yake yakatua mfukoni mwangu. "Hiyo simu ya wapi? Japani?"

Kusema ndiyo kungenirahisishia kazi. Lakini nilikuwa nimekatazwa chumvi.

"Hapana, afande. Ya Finlandi."

"Ya wapi?"

"Finlandi. Nchi ya theluji na misitu. Upande wake wa juu kuna majira jua halizami kabisa. Na wenye simu hii zamani walitengeneza gambuti."

Shangazi akajipiga mapaja. "Wee! Jua halizami? Gambuti inapiga simu? Kaka, huyu mtu natunga nchi nzima juu ya kiti yetu!"

"Mimi kila siku nasikiliza habari ya dunia," mzee akasema, akinyoosha kidole kwenye redio. "Hiyo nchi sijasikia hata siku moja inapinduliwa. Nchi gani hiyo haina habari?"

Nikafungua betri nimwonyeshe maandishi ya nchi ilikotengenezwa. Jasho langu lilikwisha kuyafuta zamani. Maisha yangu yote nimetunga mambo nikaaminiwa, na siku moja niliyosema kweli ndiyo ilikuwa inanikosesha mke! Mchumba wangu alisimama mlangoni na sinia la chai. Mzee akainuka. Baba mdogo akaanza kutafuta kofia yake.

Ndipo pazia likasema.

"Baba wa watoto, mimi nasema na wewe, sisemi na mgeni. Hiyo nchi iko."

"Iko wapi?"

"Umesahau yule mama mzungu wa misheni niliyempikia kabla hujanioa? Alijenga kibanda cha mbao nyuma ya jiko. Anapasha mawe moto, anajifungia ndani bila nguo, anajichapa na majani. Akitoka ni mwekundu kama nyanya, anajimwagia maji baridi, anacheka! Nikamuuliza, hii ni adhabu ya nini? Akasema ni raha, kwao Finlandi watu wote wanafanya. Na habari ya jua alisema hivyo hivyo. Mimi nilidhani anatia chumvi."

Mzee akakaa polepole. "Anajichapa mwenyewe?"

"Mwenyewe. Hakuna aliyemlazimisha."

Mzee alicheka mpaka kitambaa kikateleza kutoka kwenye redio. Kisha akajikaza, akanitazama kiaskari.

"Sawa. Japani ndio nafundisha wao, lakini nchi iko. Sasa sikiliza. Siku binti yangu nakukasirisha, hapana inua mkono. Fanya kama wenye simu yako: ingia kwa kibanda, jichape mwenyewe, toka ukicheka."

"Ndiyo, afande!"

Shangazi akapiga vigelegele, pazia likacheka, na chai ikamwagika kidogo tu.

Mpaka leo tukianza kubishana, mke wangu hapotezi maneno. Ananifungulia mlango wa nyuma, ananionyesha migomba, ananiuliza kama majani yatatosha au aongeze.